Maji ya nyuma ya ukuta: kisa cha nyumba iliyozamishwa ubavuni mwa kilima, Kigoma

Kisa hiki kinahusu nyumba moja ya kuishi iliyojengwa ikiwa nusu ndani ya ardhi, kwenye kilima kinachotazama Ziwa Tanganyika. Mtaa na kiwanja sivitaji, na mambo machache yasiyogusa somo lenyewe nimeyageuza ili mwenye nyumba asitambulike. Mimi nilikuwa mbunifu majengo wa kazi hiyo tangu mchoro wa kwanza. Nawaandikia wabunifu wenzangu, mafundi, na yeyote mwenye kiwanja cha mteremko anayejiuliza kama lazima aukate mlima ndipo apate pa kulala.

## Mahali na mwenye nyumba

Mji wa Kigoma umekaa juu ya vilima vinavyoshuka hadi ziwani. Mvua huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba na kukoma Aprili au Mei, na kwa mwaka hukaribia milimita 1,000. Kinachosumbua ni jinsi inavyokuja, maana saa moja tu ya mvua kubwa inaweza kumwaga sehemu kubwa ya maji ya wiki nzima.

Kwenye viwanja vya mteremko, wengi wetu tumezoea kukata. Unachimba kilima mpaka upate uwanja tambarare, udongo unausukumia upande wa chini, kisha unasimamisha nyumba ya tofali na bati kama ambavyo ungeijenga uwandani. Masika ya kwanza udongo ule unaanza safari ya ziwani. Masika ya tatu kuna korongo kati yako na jirani, na mnaanza kusemana.

Mwenye nyumba ni mama mstaafu, mzaliwa wa mkoa huu huu. Kiwanja chake kina mteremko wa mita moja kwa kila mita nne, kiko juu kabisa ya ziwa, mbali na zile mita 60 za ufukwe ambazo sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazikataza kwa shughuli za kudumu. Alikuwa ameishi miaka mingi chini ya bati, akalichoka joto la mchana na kelele za usiku wa mvua. Siku ya kwanza aliniambia: "Mwanangu, nataka nyumba ambayo kilima hakitajua kama kimechukuliwa."

## Wazo, na maneno ya watu

Nilipomwonyesha mchoro wa nyumba iliyoingizwa ubavuni mwa kilima, paa lake likiwa ni udongo na nyasi, yeye alifurahi. Majirani hawakufurahi. Mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama anajua kwamba ninamchimbia kaburi. Neno hilo lilizunguka mtaani kabla sururu ya kwanza haijagusa ardhi, na lilimuumiza mama kuliko alivyokubali kusema.

Wengine walisema ni mambo ya Ulaya. Hapo nilikuwa na jibu. Wagogo wamejenga tembe za paa la udongo kwa vizazi. Wairaqw wa Mbulu walizamisha nyumba zao ubavuni mwa vilima, mifugo ikiwa ndani, ili wavamizi wapite juu bila kuwaona. Hata Kwihara, hapo Tabora, nyumba waliyokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872 inajulikana hadi leo kama tembe. Kuishi chini ya udongo ni jambo letu la siku nyingi.

Lakini hoja hiyo ina shimo, nami nililiona kwa kuchelewa. Dodoma kwa Wagogo hupata chini ya milimita 600 za mvua kwa mwaka wa kawaida. Paa la udongo linalodumu kule, huku kwetu lina kazi maradufu. Tembe ilinipa ujasiri wa kuanza, ila haikunifundisha chochote kuhusu maji.

## Mashimo matatu

Jambo moja tulilifanya vizuri kabla ya kuchora kwa kweli. Tulichimba mashimo matatu ya majaribio, kila moja la mita tatu, mwezi Agosti. Yote yalikuwa makavu: udongo mwekundu, kisha changarawe, kisha mwamba uliopasukapasuka. Mhandisi wa miundo angeweza kuanza hesabu siku ile ile. Badala yake aliomba tuyafunike kwa mbao na miiba, tusubiri masika.

Tukiwa bado tunabishana kuhusu kusubiri, mzee mmoja jirani alinishika mkono akanipeleka kona ya kusini ya kiwanja. "Kijana, angalia hizo nyasi. Agosti yote hii, hapa pamebaki kijani." Kweli, palikuwa na kipande kama cha chumba kimoja chenye nyasi mbichi na vijiti viwili vitatu vya matete, wakati kilima chote kimekauka rangi ya ngozi ya simba. Nilikuwa nimepita pale mara tano bila kuona.

Mwezi Machi tulifunua mashimo. Mawili yalikuwa na unyevu tu chini. La kusini lilikuwa na maji yaliyosimama, na ukikaa kimya uliyaona yakichuruzika kutoka kwenye ufa wa mwamba, mita moja na nusu hivi chini ya uso wa ardhi. Nyumba niliyoichora ingekaa juu ya ufa ule ule. Tukaisogeza mita saba kaskazini.

Swali jingine lilikuwa la vyoo. Kilimani, choo cha shimo cha jirani wa juu kinaweza kuwa juu ya kichwa chako. Tulikwenda kwa kila jirani wa upande wa juu, tukauliza kwa heshima shimo liko wapi na lina kina gani. La karibu lilikuwa zaidi ya mita 30 na pembeni ya mkondo. Lingekuwa karibu zaidi na juu ya mkondo, ningemshauri mama aache mpango huu.

## Maamuzi ya mchoro na sababu zake

Mchoro wangu wa kwanza ulizika nyumba pande tatu hadi darini. Mhandisi aliukataa, na hesabu yake inafaa kuijua kila mtu. Ukuta wa nyuma wa kimo cha mita 2.8, ukiegemewa na udongo wa kawaida uliokauka, husukumwa kwa nguvu ya karibu tani mbili na nusu kwa kila mita ya urefu wake. Udongo ule ule ukijaa maji hadi juu, msukumo unafika tani tano hivi. Kilima ni kile kile na ukuta ni ule ule, ila maji yameongeza mzigo maradufu. Ukuta wetu ulikuwa na urefu wa mita 12.

Kwa hiyo tulikubaliana nyumba izame nyuma tu, na kuta za pembeni zishuke kwa ngazi kufuata mteremko. Ukuta wa nyuma ukawa wa zege lenye nondo, unene wa sentimita 25, na kuta za kugawa vyumba tukazifunga nao kila baada ya mita 3.6 ili ziushikilie. Fundi aliona tunazidisha nondo. Mhandisi akamkumbusha tetemeko la tarehe 5 Desemba 2005, la kipimo cha 6.8, ambalo kitovu chake kilikuwa humu humu ziwani. Tuko kwenye Bonde la Ufa.

Paa lilikuwa slabu ya zege ya sentimita 18, juu yake tabaka mbili za karatasi ya lami, plasta ya kuilinda, kokoto sentimita 10, kitambaa cha kuchujia, kisha udongo sentimita 25. Likilowa, kila mita ya mraba ina uzito wa kilo 1,100 hivi. Kwa paa la mita 9 kwa 12, hizo ni zaidi ya tani 110, sawa na malori kumi na moja ya tani kumi yaliyoegeshwa juu ya kichwa cha mama. Niliirudia sentensi hiyo kwa mafundi mara nyingi, kwa sababu mtu aliyezoea kupiga bati hawezi kulihisi jambo hili bila kuambiwa.

Ofisi iliyotoa kibali haikuwa na fomu ya nyumba ya aina hii. Mkaguzi alisoma michoro kwa siku kadhaa, akarudisha sharti moja: kila chumba cha nyuma kiwe na njia ya pili ya kutokea na ya hewa. Nilinung'unika. Sasa najua alikuwa sahihi kuliko mimi, ingawa nilimtimizia nusu tu: milango ya kuunganisha vyumba niliiweka, na hewa nikaiachia madirisha madogo ya juu.

Kuhusu sura, tuliukata mchoro kufuata mistari ya kilima. Ukuta wa mbele tukaujenga kwa mawe mekundu yaliyotoka shimoni humo humo, hatukununua tofali za kuchoma zinazomaliza miti. Udongo wa juu, ule wenye mizizi na mbegu za nyasi, tuliutenga tangu siku ya kwanza na kuufunika, ili urudi juu ya paa.

## Ujenzi, na wiki niliyokosekana

Tulianza Juni. Uchimbaji ulikuwa wa sururu na koleo, na ulikwenda vizuri. Siku ya kumwaga ukuta wa nyuma, mashine ya kuchanganyia zege iliharibika saa nane mchana, zege likiwa limefika usawa wa kifua. Kesho yake kazi iliendelea juu ya zege la jana lililokwisha kushika, bila kuuchongoa uso wake ili ushikane na jipya, na bila ule mpira wa kuzuia maji kwenye kiungio. Nilikuwepo. Niliona mstari ule, nikajiambia lami itaufunika. Lami tuliipiga mikono miwili.

Oktoba mwanzoni nililazimika kusafiri wiki moja. Fedha za mama zilikuwa zimepungua na mawingu yameanza kujikusanya upande wa Kongo. Mchoro ulidai nyuma ya ukuta kuwe na kokoto za upana wa sentimita 40, kutoka chini hadi karibu na juu, na chini kabisa bomba la inchi nne lenye matundu. Bei ya tripu ya kokoto ilikuwa imepanda. Fundi mkuu, mtu mwaminifu aliyetaka kumwokolea mama pesa, aliweka kokoto mita moja ya chini, na juu akarudisha udongo wa shimoni, wenye mfinyanzi na mawe makali. Bomba nalo lilikaa juu ya udongo usioshindiliwa, likabonyea katikati.

Niliporudi nilikuta nyuma ya nyumba pameshafukiwa na kusawazishwa vizuri. Nilimuuliza, "Fundi, kokoto zimefika wapi?" Akanijibu ukweli. Nilipaswa kuamuru pafukuliwe siku ile. Niliangalia mawingu, nikafikiria pochi ya mama, nikaacha. Kosa hilo ni langu.

## Masika ya kwanza

Mama alihamia Novemba. Desemba, baada ya usiku wa mvua nzito, alinipigia alfajiri. "Mwanangu, ukuta unatoka jasho."

Nilikuta chumba cha nyuma kina harufu ya shimo. Sanduku la vitenge vyake, lililokuwa limeegeshwa ukutani, lilikuwa limeota ukungu wa kijivu kwa chini, na alivitandaza kitandani kimoja kimoja bila kusema neno. Ukutani, usawa wa kifua, kulikuwa na mstari mweusi wa unyevu ulionyooka kama umepigwa kwa kamba ya fundi. Ulikuwa mstari ule wa zege la jana na la leo. Lakini pia kulikuwa na matone madogo yaliyotapakaa ukuta mzima, hata juu ya mstari, na hata kwenye ukuta wa kugawa ambao haugusi udongo.

Neno lake "jasho" ndilo lililonifanya nisikimbilie kulaumu kiungio peke yake. Tulikata vipande vya nailoni vya ukubwa wa sahani pana, tukavibandika ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote nne, kimoja juu ya mstari mweusi, kimoja juu kabisa, kimoja kwenye ukuta wa kugawa. Tukavikagua baada ya siku mbili. Cha kwenye mstari kilikuwa na maji upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta: hayo yanatoka ardhini. Vile viwili vingine vilikuwa vimelowa upande wa nje tu: hayo yanatoka hewani.

Kumbe tulikuwa na maji ya namna mbili na kila moja lina dawa yake. Ardhi ya kina cha mita mbili tatu hukaa karibu na wastani wa joto la mwaka mzima, ambalo Kigoma ni nyuzi 24 hivi. Ndiyo sababu nyumba hizi huwa baridi mchana. Lakini masika, hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 85 ikigusa ukuta wa nyuzi 24, inaangusha maji pale pale, kama chupa ya soda baridi mezani. Ukipaka lami nje mara mia, jasho hilo litabaki, kwa kuwa linahitaji hewa inayotembea.

## Kuchimba upya

Kiangazi kilichofuata tulifukua nyuma ya ukuta wote, mita 12, kwa mikono, mfereji wa upana wa sentimita 80. Tulikuta lami imechanwa na yale mawe makali sehemu nyingi. Tukachongoa kiungio, tukakiziba, tukapiga lami upya na kuikinga kwa karatasi ngumu. Kokoto zikapanda hadi sentimita 30 chini ya uso wa ardhi, zikafungwa kwa kitambaa ili mfinyanzi usiingie. Bomba jipya lilikaa juu ya jamvi jembamba la zege, likishuka sentimita moja kwa kila mita, kutoka katikati kwenda pande zote mbili, na midomo yake ikatokeza nje mahali panapoonekana.

Juu zaidi, mita nne nyuma ya paa, tulijenga mtaro wa mawe wa kukinga maji ya kilima. Eneo la juu yetu linalomwagia kwetu ni kama mita za mraba 1,200. Mvua ya milimita 50, hata nusu yake ikizama ardhini, inaleta lita 30,000. Ajabu ni kwamba mchoro wangu wa awali ulishughulikia lita 5,400 za paa kwa uangalifu mkubwa, na kilima chenyewe nikakipa mfereji wa udongo wa jembe moja.

Kwa jasho, tulitoboa slabu kwenye vyumba viwili vya nyuma na kusimamisha mabomba mapana ya hewa yenye kofia, yakitoka juu ya nyasi, na milango ya ndani tukaipa nafasi za hewa chini na juu. Mkaguzi yule angetabasamu. Jiko la mkaa lilikuwa nje tangu mwanzo na lilibaki nje. Kwenye nyumba yenye upande mmoja tu wa madirisha, moshi wa mkaa unaua, na hilo mama halihitaji kuelezwa mara mbili.

Marekebisho yote yaligharimu karibu sehemu moja ya kumi ya ujenzi mzima. Kokoto zilizobanwa Oktoba zingekuwa sehemu ndogo tu ya fedha hiyo.

## Matokeo

Masika mawili yamepita tangu hapo. Mstari mweusi umekauka na kupakwa rangi. Jasho hutokea siku chache za Machi, na mama akifungua milango linakauka kabla ya adhuhuri. Siku moja ya Septemba tulipima saa tisa mchana: chini ya bati la jirani nyuzi 34, chumba cha nyuma cha mama nyuzi 26.

Upande wa mbele hatukufaulu hivyo. Kiwanja kinatazama magharibi, ziwani, na kila mtu alitaka kuliona ziwa. Niliweka baraza la kina cha mita 2.4 nikaamini linatosha. Nilisahau kwamba saa zetu zinafuata mstari ulio mbali mashariki mwa Kigoma, hivyo jua hapa huzama karibu saa moja jioni. Saa kumi na mbili bado liko juu ya milima ya Kongo na linaingia chini ya baraza hadi kwenye makochi. Hakuna paa la mbele linalozuia jua lililolala hivyo. Sasa kuna mikeka ya matete inayoshushwa saa kumi, na mama amepanda miti miwili. Ningeanza upya, ningegeuza madirisha ya sebule kidogo yaelekee kaskazini, nikaliacha baraza peke yake litazame ziwa.

Nyasi za paa zilirudi zenyewe kutoka kwenye udongo tuliouhifadhi. Wakati wa kiangazi hukauka kama kilima kingine chote, na mgeni mmoja aliyetoka mjini alishauri zimwagiliwe zibaki kijani. Mama alikataa, na nilimuunga mkono: paa la kijani mwezi Agosti lingeonekana kutoka ziwani kama kiraka. Mbuzi wa jirani ndio waliotusumbua. Waliligeuza paa malisho na kulimenya sehemu moja hadi kitambaa kikaonekana. Tulijenga ukingo wa mawe wa sentimita 90 kuzunguka ukingo wa mbele, ambao ulihitajika pia kwa ajili ya wajukuu, na kupanda ua wa minyaa upande wa juu.

## Uchambuzi

Uamuzi uliookoa nyumba hii ulikuwa wa kusubiri masika moja kabla ya kuchora. Ulitugharimu muda, na ulinipa mwanya wa kumsikiliza mzee wa nyasi. Bila hivyo, hakuna kokoto wala lami ambayo ingetosha juu ya ule ufa.

Uamuzi ulioiumiza ulifanyika siku ya kufukia, na naona ulianza mapema zaidi, kwenye michoro yangu. Kokoto za nyuma ya ukuta zilikuwa mstari mmoja kwenye karatasi ya mwisho, kama pambo. Fundi hakuwa na namna ya kujua kwamba mstari ule ndio unaoamua kama ukuta unasukumwa na tani mbili na nusu au tano. Slabu na tani zake nilimwimbia kila siku, na hilo hakuligusa hata kwa sentimita. Siku hizi nachora sehemu ya nyuma ya ukuta kwanza, kwa ukubwa, na kwenye makadirio naiweka pamoja na msingi, ili pesa yake itoke kabla ya madirisha na vigae. Na hakuna anayefukia nikiwa sipo.

Kuna viwanja ambavyo nimekataa tangu wakati ule: kimoja karibu na ufuko, maana ziwa lilivyopanda mwaka 2020 na 2021 na kuingia kwenye makazi ya watu kila mtu alikiona kilichotokea, kingine cha udongo mweusi unaovimba ukilowa, na kimoja kilichokuwa chini ya vyoo vitatu. Wenye viwanja hivyo walikuja kwa sababu ya picha ya paa la nyasi. Nilianza kwa kuwapeleka nyuma, kwenye midomo ya bomba.

Mama ameweka ndoo ya lita ishirini chini ya mdomo wa kaskazini. Mvua kubwa ikikatika, anatoka na saa yake ya mkononi, anahesabu dakika hadi ndoo ijae, anaandika kwenye daftari la kurasa tisini na sita lililoning'inizwa mlangoni. Januari iliyopita mdomo wa kusini ulikaa kimya usiku wa mvua nzito wakati wa kaskazini unabubujika. Alinipigia saa hiyo hiyo. Tulikuta chura na matope kwenye kiungo cha kwanza, tukavitoa kwa waya, na kabla sijamaliza kunawa mikono maji yakaanza kutoka.